Rediogramu na santuri za kale: Thamani iliyojificha sebuleni Kitale na Bungoma

KATIKA baadhi ya nyumba kongwe za Trans Nzoia na Bungoma kungali na kabati refu la mbao ubavuni mwa sebule, juu yake kitambaa cha kufuma na picha za watoto siku ya kufuzu. Mgeni huweza kulidhania kuwa kabati la vyombo. Akikifunua kifuniko chake ataona redio, mashine ya kuchezea santuri na, upande mmoja, nafasi ya kuwekea sahani zenyewe. Hiyo ndiyo rediogramu, chombo ambacho kati ya miaka ya 1950 na 1970 kilikuwa alama ya nyumba yenye uwezo.

Mwenye nyumba anapoaga dunia, au watoto wanapotaka kuikarabati sebule, kabati hilo huwa la kwanza kutolewa nje. Mchuuzi wa vyuma kuukuu hulipima kwa kilo, seremala huzitazama mbao zake, naye dalali huulizia kilichomo ndani. Bei inayotajwa na kila mmoja wao ni tofauti kabisa na ya mwenzake, na mara nyingi mwenye mali ndiye asiyejua kwa nini.

Hakuna orodha rasmi ya bei za vyombo hivi nchini Kenya. Zipo, hata hivyo, kanuni ambazo soko hufuata, na iliyo kuu ni hii: kinachopendwa sebuleni sicho kinacholipiwa sokoni. Familia hulithamini kabati kubwa linalong'aa. Wanunuzi wa mbali hutafuta mashine iliyofichwa chini ya kifuniko, vali za kioo zilizo nyuma ya redio na, aghalabu, sahani ndogo zilizojaa vumbi ambazo hakuna aliyekumbuka kuzihesabu.

Asili ya vyombo hivi

Mmarekani Thomas Edison alibuni mashine ya kurekodi na kurudisha sauti mnamo 1877. Miaka 10 baadaye, 1887, Emile Berliner akaleta sahani bapa, ambayo ndiyo mama wa santuri zote zilizofuata. Katika Afrika Mashariki, biashara hiyo ilipata nguvu mnamo 1928 wakati Siti binti Saad wa Zanzibar na wenzake walipokwenda Bombay, Mumbai ya leo, kurekodi kwa Kiswahili chini ya chapa ya HMV. Mafanikio ya santuri hizo yaliyafumbua macho makampuni mengine kwamba Kiswahili kilikuwa na wanunuzi.

Eneo la Kitale lilikuwa na mazingira ya pekee. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia Wazungu mashamba makubwa Trans Nzoia. Njia ya reli ilifika Kitale mnamo 1926, na bidhaa za anasa kutoka ng'ambo zikaanza kufika kwa urahisi. Bungoma nayo ilikuwa kwenye njia kuu ya kwenda Uganda, ambayo ilifika Kampala mnamo 1931.

Gramafoni za mwanzo hazikuhitaji umeme. Mwenye nazo aliizungusha manjera iliyokaza springi, na springi ndiyo iliyoizungusha sahani kwa mizunguko 78 kwa dakika. Sindano ilikuwa ya chuma, na ilipaswa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja wa sahani. Kwa sababu hiyo mashine hizo ziliweza kufika kwenye makazi yaliyokuwa mbali na nyaya za umeme.

Nguvu ya mashine hizo iliacha ushahidi katika muziki wa jirani. Mnamo 1950, mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha. Jina hilo ni matamshi yao ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake walikuwa wameisikia kwenye gramafoni. Mtu aliyefariki 1933 bila kukanyaga Kenya aliingia katika nyimbo za Bonde la Ufa kwa sababu ya sahani ya santuri.

Baada ya Uhuru wa 1963, mashamba mengi ya Trans Nzoia yalibadilisha wenyewe. Walowezi walipoondoka, baadhi ya samani zao zilibaki na waliozinunua. Vyombo vipya navyo vilianza kununuliwa na walimu, makarani, wenye maduka na wakulima wa mahindi na kahawa. Viwanda vilipofunguliwa, kile cha karatasi cha Webuye mnamo 1974 na baadaye cha sukari cha Nzoia, mishahara ya kila mwezi iliongeza idadi ya wanunuzi katika Bungoma. Huo ndio wakati ambapo stirio za Japani zilianza kuchukua nafasi ya rediogramu za Uingereza, Ujerumani na Uholanzi.

Palipokosekana umeme palikuwa na betri. Kiwanda cha Eveready kilianza Nakuru mnamo 1967 na kikafungwa 2014. Katika muda huo wote, mawe ya redio yalikuwa bidhaa ya lazima dukani sawa na chumvi na mafuta ya taa. Redio za mkono na mashine ndogo za santuri za kubebwa ziliweza kuyatumia mawe hayo, ndiyo maana zilienea hata mahali ambapo rediogramu haikuweza kufanya kazi.

Sauti zilizotoka humo

Kumbukumbu inayoambatana na vyombo hivi inatokana na yale yaliyosikika. Sauti ya Kenya, iliyoitwa hivyo tangu 1964 hadi ilipopewa tena jina la KBC mnamo 1989, ilikuwa ndiyo redio ya taifa. Kipindi cha Leonard Mambo Mbotela, Je, Huu ni Ungwana?, kilianza 1966 na kikaendelea kwa miongo mingi. Mbotela alifariki Februari 2025. Kwa Wakenya waliokuwa watoto katika miaka ya 1970, sauti yake ilikuwa sehemu ya mlo wa Jumapili.

Upande wa santuri, magharibi mwa Kenya hapakuwa soko tu bali pia chimbuko. George Mukabi, mpiga gitaa wa mtindo wa omutibo aliyetoka eneo la Kakamega, aliacha santuri zilizoendelea kuchezwa muda mrefu baada ya kuuawa kwake mnamo 1963. Daudi Kabaka, aliyezaliwa Uganda kwa wazazi kutoka magharibi mwa Kenya, alitia sahihi yake kwenye mtindo wa twist wa Kenya. Wimbo wake Helule Helule uliimbwa upya na kundi la Uingereza, The Tremeloes, mnamo 1968. Huko Kericho, duka na studio ya Chandarana lilirekodi bendi nyingi za benga na za jamii za Bonde la Ufa na magharibi.

Nyingi za kazi hizo zilitolewa kwenye sahani ndogo za mizunguko 45, wimbo mmoja kila upande. Sahani hiyo ilikuwa rahisi kununuliwa na mtu wa kipato cha wastani na rahisi kubebwa kwenye baiskeli au basi kutoka Nairobi, Kisumu au Kericho hadi Kimilili na Chwele.

Kaseti, iliyobuniwa na Philips mnamo 1963, ndiyo iliyoiua santuri. Ilichezwa ndani ya gari, haikuruka sindano na, zaidi ya yote, iliweza kunakiliwa na mtu yeyote. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, uharamia wa kaseti ulikuwa umeivunja biashara ya sahani nchini. Rediogramu ikawa meza ya kuwekea redio kaseti, na baadaye televisheni.

Kwa nini wanunuzi wamerejea

Hamu ya santuri imefufuka duniani. Nchini Marekani, takwimu za chama cha makampuni ya kurekodi zinaonyesha kwamba mnamo 2020 mapato ya santuri yalizidi yale ya diski za CD kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980. Mnamo 2022, idadi ya santuri zilizouzwa huko ilikuwa takriban milioni 41 dhidi ya CD milioni 33. Kampuni ya Technics ilikuwa imeacha kutengeneza mashine yake mashuhuri ya SL-1200 mnamo 2010, lakini ikairudisha sokoni 2016.

Kwa Kenya, sababu ya pili ni mahususi zaidi. Muziki wa Kenya wa miaka ya 1970 na 1980 umepata mashabiki wapya Ulaya na Marekani. Mnamo 2013, kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko uitwao Kenya Special, na wa pili ukafuata 2016. Mikusanyiko ya aina hiyo huwafanya wasikilizaji watafute sahani asilia. Isitoshe, kanda kuu za studio zinapokuwa zimepotea au kuharibika, sahani iliyo katika hali nzuri ndiyo huwa chanzo cha pekee cha kuutoa wimbo upya.

Sababu ya tatu ni mapambo. Mikahawa, hoteli na waandaaji wa filamu hununua redio na gramafoni kwa sababu ya sura yake. Mnunuzi huyu hajali iwapo chombo kinatoa sauti. Anajali mbao, vitufe na kioo chenye majina ya miji.

Aina za vyombo na soko la kila kimoja

Gramafoni za manjera: Za kubebwa, zilizo mithili ya sanduku la safari, hupata wanunuzi haraka zikiwa na springi nzima na kichwa cha sauti kisichopasuka. Zile zenye pembe kubwa la shaba zinahitaji tahadhari. Nyingi zinazouzwa leo duniani ni za kuigiza, zilizounganishwa India kwa vipande vipya na vya kale na kubandikwa nembo ya mbwa wa HMV. Dalili zake ni shaba nyembamba inayong'aa kupita kiasi, kiungo cha pembe kinacholegea na sanduku la mbao mpya iliyopakwa rangi ya uzee.

Redio za vali: Hizi ndizo redio zilizotumia mirija ya kioo kabla ya transista kuenea. Huchelewa kutoa sauti kwa sababu vali lazima zipate moto kwanza. Udhaifu wake ni kwamba nyingi za zamani zina masafa ya kati na mafupi pekee, ilhali vituo vingi vya Kenya vya leo hutangaza kwa FM. Kwa hivyo thamani yake hutegemea zaidi sura, jina la mtengenezaji na vali zenyewe. Vali halisi za Mullard ya Uingereza na Telefunken ya Ujerumani, hasa za aina ya ECC83, EL34 na EL84, zina soko lake la pekee miongoni mwa wapiga gitaa na wapenzi wa amplifaya.

Rediogramu: Hapa ndipo matarajio ya wengi huvunjika. Hata huko Uingereza zilikotengenezwa kwa wingi, rediogramu za kawaida huuzwa kwa bei ndogo kwa kuwa ni nzito, hujaza chumba na gharama ya kuzisafirisha huweza kuzidi bei yake. Nyingi zilifungwa mashine za Garrard au BSR za daraja la kawaida, zilizoweza kuangusha sahani kadhaa moja baada ya nyingine. Mashine hizo hazina bei kubwa.

Hata hivyo, si busara kuuza bila kufunua kifuniko. Garrard 301, iliyotoka katika miaka ya 1950, na Garrard 401 iliyotoka 1965, huuzwa Ulaya kwa zaidi ya pauni 1,000 zikiwa nzima. Mashine hizo zilinunuliwa na vituo vya redio na watu wenye fedha, wakazifunga ndani ya makabati yaliyotengenezwa na maseremala. Kabati la seremala asiyejulikana laweza basi kuwa na mashine ghali kuliko kabati lenye chapa maarufu.

Stirio za Japani: Amplifaya na mashine za santuri za Sansui, Pioneer, Akai na Technics za miaka ya 1970 na 1980 ndizo zinazouzika kwa urahisi zaidi humu nchini. Mnunuzi wake hutaka kuzitumia. Uzito wa amplifaya, vitufe vya chuma na spika asilia huongeza bei.

Redio kaseti: Zile kubwa zenye spika mbili zimeanza kutafutwa na vijana ambao hawakuziona zikitumika. Ni soko changa, na bei hutegemea iwapo kaseti inazunguka. Kwa kawaida kasoro huwa ni mkanda wa mpira uliolegea, kipuri kidogo ambacho fundi wa redio anaweza kukibadilisha.

Yanayopandisha na yanayoshusha bei

Mambo manne huamua bei. La kwanza ni uasilia. Kabati lililopakwa vanishi mpya, kitambaa cha spika kilichobadilishwa na kitufe cha kuazima hupunguza thamani machoni pa mkusanyaji, hata kama familia iliona imelirembesha. Ni afadhali kufuta vumbi na kuacha mikwaruzo.

La pili ni kufanya kazi. Chombo kinachosikika mbele ya mnunuzi huuzwa kwa bei tofauti kabisa na kile kinachosemwa kuwa "kilikuwa kikifanya kazi".

La tatu ni ukamilifu. Sindano, kifuniko, spika zote mbili, kijitabu cha maelezo, risiti ya duka na hata kibali cha zamani cha redio ni sehemu ya mali. Risiti ya duka la Kitale au Bungoma huthibitisha chombo kilifika lini na kupitia wapi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

La nne ni umeme. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 100 za Japani au 120 za Marekani itaungua ikichomekwa bila transfoma. Hata ikipewa transfoma, mashine ya santuri yenye mota ya kale iliyokusudiwa mizunguko 60 itakwenda polepole. Badala ya mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika, sahani itazunguka takriban mara 27.8, na mwimbaji wa kike atasikika kama mwanamume. Transfoma haiponyi kasoro hiyo. Kinachotakiwa ni kubadilisha gurudumu dogo la mota.

Kabla ya kuwasha

Vyombo vingi huharibika siku ya kuuzwa. Mwenye nacho, akitaka kumridhisha mnunuzi, hukichomeka moja kwa moja baada ya miaka 20 au 30 ya kimya. Kapasita zilizokauka hupasuka, transfoma hupata joto kupita kiasi, na kilichokuwa kizima huwa chuma kuukuu kwa dakika chache.

Utaratibu salama ni kumpa fundi anayefahamu vali akague waya, abadilishe kapasita za karatasi na za maji, kisha aongeze umeme kidogo kidogo. Ndani ya redio ya vali huwa na umeme wa volti 250 au zaidi, na kapasita huweza kuuhifadhi hata baada ya waya kuchomolewa. Baadhi ya redio za zamani zina fremu ya chuma iliyounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Asiyejua asiguse.

Mashine ya santuri ina maradhi yake. Mafuta hukauka na kuwa gundi, gurudumu la mpira huwa gumu na kuifanya sahani iyumbe, nacho kichwa cha sindano cha fuwele hufa kwa joto na unyevu. Kitale, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, ina baridi na mvua, hivyo ukungu na kutu ndio maadui wakuu. Bungoma iko chini zaidi na ina joto zaidi. Katika maeneo yote mawili, mchwa hawachagui kati ya kabati la HMV na nguzo ya nyumba.

Mafundi wenye ujuzi wa vali wanazidi kuzeeka, na wanafunzi wao wamegeukia simu na wufa. Fundi mmoja mzuri ana thamani kuliko kabati lolote, kwa sababu bila yeye chombo hubaki pambo.

Nani ana haki ya kuuza?

Ugomvi mwingi juu ya vyombo hivi huzuka baada ya mazishi. Mwana mmoja humwita dalali, rediogramu ya baba ikapakiwa kwenye pikapu, na mama akaachwa na alama nne za miguu ya kabati sakafuni.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981, iko wazi. Mtu akifariki bila wosia na kuacha mke mmoja au mume pamoja na watoto, kifungu cha 35 kinampa mwenzi huyo aliyebaki vitu vya kibinafsi na vya nyumbani kabisa, si kwa kutunza tu. Katika fasili ya sheria hiyo, vitu vya nyumbani ni pamoja na samani, vifaa, picha na mapambo. Rediogramu ya sebuleni imo. Mashine iliyotumiwa katika biashara ya marehemu, kwa mfano ya kukodishwa kwa sherehe, haimo katika kundi hilo.

Aliyekuwa na wake zaidi ya mmoja, kifungu cha 40 huigawa mali hiyo kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na kila mjane akihesabiwa kuwa kitengo kimoja cha nyongeza. Aidha, kifungu cha 45 kinafanya kuingilia mali ya marehemu bila idhini kuwa kosa la jinai. Mnunuzi mwangalifu humwuliza mjane kabla ya kumlipa mwana.

Swali jingine huulizwa kuhusu vitu vya kale. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 huhesabu kama vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Rediogramu ya 1958 haifikii umri huo na huuzwa kama mali nyingine yoyote ya nyumbani.

Sahani ndizo hazina

Anayeuza kabati pamoja na "hizo sahani zake" kwa bei moja huenda ametoa bure kilicho na thamani kubwa zaidi. Sahani za nyimbo za Kizungu zilizouzwa kwa mamilioni duniani hazina bei kubwa. Za lugha za Kenya, zilizotolewa kwa idadi ndogo na makampuni ya Nairobi, Kericho na Kisumu, ndizo zinazotafutwa, hasa za bendi ambazo hazikuwahi kupata kaseti.

Kila sahani iandikwe kwenye daftari: jina la msanii, wimbo wa kila upande, chapa, namba iliyo kwenye karatasi ya katikati na namba iliyochorwa karibu nayo. Kwa taarifa hizo mtu anaweza kutafuta katika tovuti ya Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000, bei ambazo sahani hiyo imewahi kuuzwa. Bei iliyolipwa ndiyo ya kuzingatia, si bei inayoombwa. Nakala iliyokwaruzwa huweza kupata sehemu ndogo tu ya bei ya nakala safi.

Sahani za mizunguko 78 zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu, nazo huvunjika kama kigae. Zisioshwe kwa spiriti kwa kuwa huyeyusha shelaki. Zisichezwe kwa sindano ya santuri za kisasa, kwani mfereji wake ni mpana takriban mara tatu. Za mizunguko 45 na 33 ni za plastiki ya vainili, ambayo hupinda kwenye joto la paa la mabati. Zote zisimamishwe wima kama vitabu wala zisilazwe moja juu ya nyingine.

Kununua sahani si kununua haki ya wimbo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki katika rekodi ya sauti hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Daudi Kabaka alifariki 2001, hivyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2051. Anayenakili sahani ili auze nakala hizo anahitaji idhini ya warithi wa msanii.

Kuuza, kukarabati au kuhifadhi

Mwenye chombo ana njia tatu. Akitaka fedha, apige picha za mbele, nyuma na ndani, asome jina la mashine iliyo chini ya kifuniko, aorodheshe vali na sahani, kisha apate bei kutoka kwa zaidi ya mnunuzi mmoja. Sahani zipigiwe bei kando. Wanunuzi wa santuri wanapatikana Nairobi, miongoni mwao wakiwa wafanyabiashara wa Soko la Kenyatta, na kwenye masoko ya mtandaoni.

Akitaka kukitumia, ahesabu kwanza gharama ya fundi na sindano mpya. Mara nyingi gharama hiyo haitarudi akikiuza, lakini itarudi kila jioni akikisikiliza. Hiyo ni hesabu halali, mradi asiichanganye na faida.

Akitaka kuhifadhi, kuna taasisi za kushauriana nazo. Makavazi ya Kitale yalitokana na mkusanyiko binafsi ulioanzishwa 1926 na Kanali Hugh Stoneham, yakafunguliwa kwa umma katika jengo jipya mnamo 1974. Jijini Nairobi, shirika la Ketebul Music, lililoanzishwa 2007, limekuwa likikusanya na kuandika historia ya muziki wa Kenya, ukiwemo wa magharibi. Familia inaweza kubaki na sahani zake na kuruhusu sauti pekee inakiliwe kwa ajili ya kumbukumbu.

Jambo moja halina bei wala haligharimu chochote. Kabla kabati halijatoka mlangoni, aulizwe mzee aliyebaki ni nani alilinunua, kwa fedha za mavuno gani au mshahara gani, na ni sahani ipi iliyochezwa harusi ya nani. Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari lile lile la namba za sahani, daftari hilo libaki nyumbani.